TV inchi ngapi kwa sebule ndogo? Shika futikamba kwanza ndo uende Kariakoo

Wakuu, hili swali linarudi kila mtu anapohama kwa wazazi. Mtu kapata chumba na sebule Tabata au Mbagala huko, sofa limeshaingia, kapeti limeshatandikwa, imebaki TV, na hapo ndo anaanza kuchanganyikiwa. Mmoja anamwambia chukua 32 inatosha chumba chenyewe kidogo, mwingine anamwambia jilipue na 55 maisha yenyewe ndo haya, akifika dukani winga, yule dalali wa kuvuta wateja, anamwambia boss hii 50 imebaki moja tu. Anaishia kununua kwa presha.

Kosa kubwa ninaloliona kwa watu wa sebule ndogo ni kupima ukuta. Anaangalia ukuta una mita mbili zimekaa bure, anasema 65 inaingia hii. Au anaangalia chumba kimebana anasema ngoja nichukue ndogo isije ikanimeza. Ukuta haukusaidii kitu. Cha kupima ni umbali wa macho yako mpaka kwenye kioo, halafu ujiulize utakuwa unaangalia nini, na hilo la pili lina uzito kuliko watu wanavyodhani, tutafika huko.

Hatua ya kwanza, kaa kwenye sofa

Kaa vile unavyokaa siku zote, umeegemea, sio umekaa wima kama uko kwenye intavyuu. Mtu mwingine ashike futikamba apime kuanzia machoni kwako mpaka pale kioo cha TV kitakapokuwa, na ninasema kioo sio ukuta, kwa sababu TV ikikaa juu ya kabati inasogea mbele sentimita 20 mpaka 30 hivi. Na wewe mwenyewe kichwa chako hakiko ukutani, mgongo wa sofa unakula nafasi yake.

Tuchukue sebule ya futi 10 kwa 10, hizi za kupanga ziko nyingi. Futi 10 ni sentimita 305. Toa kama 45 za nyuma ya kichwa, toa 25 za mbele kwenye kabati, unabaki na 235. Basi hiyo 235 ndo namba yako, iandike kwenye simu usiende nayo kichwani maana mawinga watakusahaulisha.

Sasa hesabu ya haraka. Chukua sentimita zako gawanya kwa 4, unapata inchi kubwa kabisa ambayo bado utaangalia kwa raha. Halafu gawanya tena kwa 6, unapata inchi ndogo ambayo ukishuka chini yake unaanza kukunja macho kusoma matokeo. Kwa 235 inakuja kama 58 kwa juu na 39 kwa chini. Maana yake kwenye sebule ya futi 10 unachezea 40, 43, 50, na hata 55 kwa macho yako inakaa vizuri tu. Hiyo ya kugawa kwa 4 sio ya kubuni mtaani, inakaribiana sana na ushauri wa SMPTE, wale wahandisi wa sinema na televisheni wa Marekani, kwamba picha ijaze kama digrii 30 za macho ya anayeangalia.

Ila kama ni chumba kimoja, kitanda humo humo, sofa la watu wawili humo humo, jiko la gesi kwenye kona, na umbali wako ni mita moja na nusu, gawanya 150 kwa 4 inakuja 37. Hapo chukua 32 bila aibu. Wengine wanaona 32 ni ya kishamba siku hizi, waache, wao hawalali humo.

Kuna jambo dogo kwa wanaotoka kwenye TV za chogo, kama bado ipo nyumbani kwa wazee. Inchi zinapimwa kona kwa kona na chogo ilikuwa na umbo la kukaribia mraba wakati flati ni pana. Kwa hiyo flati ya inchi 24 picha yake kwenda juu ni karibu sawa na ile ya chogo ya 21, imepanuka pembeni tu. Mtu anamnunulia mama flati ya 24 akijua amempandisha daraja, mama akiangalia anaona watu ni wale wale wadogo. Ukitaka mzee aone tofauti ya kweli anzia 32, na kama macho yameanza kuchoka mpe 40 au 43.

Hatua ya pili, unaangalia nini humo

Hapa ndo wengi wanaumia. Macho yanaweza kubeba 55 kwenye sebule ndogo, sawa, lakini king'amuzi chako kinaibeba?

Chaneli nyingi za vifurushi vya bei ya chini picha yake sio HD, ni ile ya kawaida, mistari 576 tu kwenda juu. Skrini ya 4K ina mistari 2160. TV inabidi ijaze hayo mapengo kwa kukisia, na kadiri skrini inavyokuwa kubwa na wewe uko karibu ndo unaona ukungu, nyuso zina mabakabaka, mpira ukipigwa juu unapotea kama umeingia kwenye moshi. Mtu analalamika TV mbovu, kumbe TV iko sawa, chakula anachoilisha ndo kibovu.

Kwa hiyo jiulize kwa ukweli. Kama asilimia kubwa ya maisha yako ni taarifa ya habari, tamthilia za Kituruki zilizotafsiriwa na chaneli za kawaida, kaa karibu na ile namba ya kugawa kwa 6. Kwa sebule yetu ya 235 hiyo ni 40 au 43. Kama una kifurushi cha HD, dabi ya Simba na Yanga unaangalia kwenye chaneli ya HD, na usiku unaingia YouTube na Netflix, panda 50. Kama una gemu, PS4 au PS5, na hayo mambo ya king'amuzi huna habari nayo, 55 ni halali yako ilimradi ukae zile sentimita 220 na kuendelea.

Hapo hapo angalia waya. King'amuzi kina tundu la HDMI lakini mwenyewe kaunga ule waya wa rangi tatu, njano nyeupe nyekundu, kwa sababu fundi dishi alikuja nao. Huo waya wa njano haupitishi HD hata kama umelipia kifurushi kikubwa kuliko vyote. Nunua waya wa HDMI, bei yake haifiki hata ya kifurushi cha mwezi, na kabla hujaikataa TV uliyonayo jaribu hilo kwanza, unaweza ukajikuta huhitaji kununua TV mpya.

Na bando nalo ni la kuhesabu. Netflix wenyewe wanasema HD inakula mpaka GB 3 kwa saa na 4K mpaka GB 7 kwa saa. Kama intaneti yako ni ya kurusha hotspoti kutoka kwenye simu, hiyo 4K utaiona kwenye katoni tu. Kwenye YouTube unaweza kuishusha mpaka 480 kwa mkono, na kwenye 43 ukikaa mita mbili na nusu inaangalika.

4K, HD na maneno ya kwenye katoni

Nitapita haraka hapa maana watu wanapenda kubishana. Inchi 32 nyingi ni 1366 kwa 768, na kwa ukubwa huo inatosha, ukipata ya 1920 kwa 1080 shukuru lakini usiitafute kwa tochi. Inchi 40 na 43 hakikisha angalau ni Full HD, yaani hiyo 1920 kwa 1080. Kuanzia 50 kwenda juu chukua 4K, na kusema ukweli kwa kampuni kubwa huko juu kupata isiyo 4K ni kazi.

Mtego uko hapa. Katoni inaandikwa 4K kwa maandishi makubwa ya dhahabu, ukisoma chini kwa maandishi ya sisimizi imeandikwa kwamba inasoma mafaili ya 4K. Kusoma faili na kuonyesha ni vitu viwili. Tafuta palipoandikwa ubora wa skrini yenyewe, kama ni 3840 kwa 2160 hiyo ni 4K, kama ni 1366 kwa 768 hiyo ni HD ya kawaida imevaa suti.

QLED ni LED ya kawaida iliyoongezewa tabaka la kukoleza rangi, ni nzuri lakini taa bado ziko nyuma ya kioo. OLED ndo kitu kingine kabisa, kila nukta inajiwasha yenyewe, nyeusi ni nyeusi kweli, ila ndogo yake kwa TV inaanzia 42 na bei yake sio ya mtu anayehesabu kodi ya miezi sita. HDR, ile ya kuonyesha mwanga mkali na giza kwa pamoja, kwenye TV za bei ya chini usiilipie hata shilingi, mwanga wa skrini hautoshi kuionyesha.

Hatua ya tatu, jua na watu wa pembeni

Sebule ndogo ina matatizo mawili ambayo sebule kubwa hazina. La kwanza ni dirisha, liko karibu na TV utake usitake. Ukiweka TV ikaangaliana na dirisha, mchana unajiangalia wewe mwenyewe na pazia. Ukiiweka mgongo kwa dirisha, mwanga unakupiga machoni. Ukuta mzuri ni ule ambao dirisha linakuwa ubavuni. Kama huna uchaguzi basi pazia zito, na hapo hizi TV za dabo glasi, zenye kioo cha ziada mbele ya skrini, zifikirie mara mbili, maana kile kioo kinang'aa sana. Sisemi dabo glasi ni mbaya, kama una mtoto wa miaka mitatu anayerusha rimoti basi kile kioo kitakulindia skrini, na skrini ikipasuka waranti haikulipi na kuibadilisha gharama yake inakaribia TV mpya. Ila ukiwa na mtoto na dirisha linaloangaliana na TV, hapo chagua kimoja cha kuvumilia.

La pili ni wanaokaa pembeni. Sebule ndogo sofa linakaa kwa umbo la L, shemeji akija anakaa kwenye kile kiti cha karibu na mlango, watoto wako chini kwenye mkeka. Hao hawaioni TV kwa mbele, wanaiona kwa ubavu. Kuna skrini za aina ya VA, ukikaa mbele nyeusi yake imekolea vizuri sana, ukisogea ubavuni rangi zinapauka. Na kuna za aina ya IPS, nyeusi yake ni ya kijivu kidogo ukizima taa lakini ubavuni rangi zinabaki. Muuzaji hawezi kujua ipi ni ipi, usimuulize. Wewe dukani ondoka mbele, nenda kasimame pembeni kabisa kisha chuchumaa, angalia nyuso za watu kwenye picha. Kama zimegeuka rangi ya majivu na nyumbani mnakaa kwa L, achana nayo.

Kabatini au ukutani

Ukutani unaokoa nafasi, hilo halina ubishi, unapata zile sentimita 20 na chini unaweka hata viatu. Lakini nyumba ya kupanga ongea na mwenye nyumba kabla ya kutoboa, wengine wana roho ngumu na kuta zao. Ukikubaliwa, fundi atumie fisha zinazolingana na skrubu, na asitoboe kwenye plasta iliyolegea. Breketi inunue baada ya kuangalia mashimo ya mgongoni mwa TV, yanapimwa kwa milimita, 100 kwa 100, 200 kwa 200 na kuendelea. Hayo matundu ni ya kipimo kimoja dunia nzima kwa kampuni zinazofuata VESA, kwa hiyo breketi ya kipimo hicho inayobeba uzito wa TV yako itakubali.

Urefu sasa. Tafadhali usiitundike juu kama iko baa. Baa wanaweka juu ili waliosimama wasiwakinge waliokaa, nyumbani kwako nani anasimama? Mtu akiwa kwenye sofa macho yake yako kama mita moja hivi kutoka sakafuni. Katikati ya skrini ikae hapo au juu kidogo. Nyumba ambazo watu wanakaa chini kwenye mkeka, na Pwani na Zanzibar ziko nyingi tu, shusha zaidi.

Ukiamua kabati, pima upana wake. TV nyingi za siku hizi hazina mguu mmoja wa katikati, zina miguu miwili iko mwisho huku na mwisho huku. Skrini ya 43 ina upana wa sentimita 95, ya 50 ina 111, ya 55 ina 122, ongeza kidogo za fremu. Miguu inakuwa ndani kidogo ya hapo. Kama shokesi yako ina sehemu ya TV ya sentimita 90, ile ya kufungwa pande zote mbili, basi 43 haiingii hata uisukume na dua. Hili ndo linawarudisha watu Kariakoo siku ya pili.

Matundu ya nyuma, sabufa na king'amuzi

Geuza TV uangalie mgongo kabla ya kulipa. HDMI mbili ni chini kabisa, tatu ni raha, king'amuzi kimoja, gemu moja, na nyingine ya siku laptopu ya mgeni.

Sabufa hii lazima niiseme maana nyumba ya Kitanzania bila sabufa haijakamilika. Spika za TV nyembamba zinalia kama ziko ndani ya ndoo, kwa hiyo utataka kuunga sabufa lako, na sabufa nyingi tulizonazo zinaingiza sauti kwa waya wa nyekundu na nyeupe. TV nyingi mpya hazina tena matundu hayo ya kutolea sauti. Zina tundu la hedfoni, au la optiko, au HDMI yenye maandishi ARC, au Bluetooth. Kama lipo la hedfoni umepona, waya wa kuunganisha unapatikana kila duka. Kama ni optiko peke yake utahitaji kile kikopo kidogo cha kugeuza sauti, kipo, sio ghali, ila ujue mapema. Bluetooth inafanya kazi lakini mara nyingine midomo inatangulia sauti inafuata, kwenye muziki sawa, kwenye taarifa ya habari inakera.

Halafu kuna hii ya "TV ina king'amuzi ndani". Ni kweli nyingi zina T2 na S2, maana yake unaweza kuchomeka antena au dishi moja kwa moja. Ila utapata zile chaneli zilizo wazi tu zinazofika eneo lako, za kulipia bado unahitaji king'amuzi chenyewe. Usilipie zaidi ukidhani umemkwepa mtu wa kifurushi.

Na walio na ndugu nje, angalieni hapa. Ndugu wa Uingereza au Dubai akikuletea TV, umeme wao ni wa volti kama zetu, haina shida. Ndugu wa Marekani akitaka kukutumia, mwambie atume hela. Kule umeme wao ni volti 120, TV nyingi za soko lao zinakubali huo tu, na antena yao inatumia mfumo mwingine wa matangazo ambao hapa hauna mwenzake. Ya Japani vivyo hivyo, wao ni volti 100. Nyuma ya TV kuna stika, ikiandikwa 100-240V inachukua umeme wa kwetu, ikiandikwa 120V usiichomeke.

Smati au isiwe smati

Smati, kama tofauti ya bei ni ndogo. Lakini kuna smati na smati. Kuna zenye Google TV, kuna LG na webOS yao, Samsung na Tizen, Hisense nyingi na VIDAA, hizi zina vibali na Netflix inafungua vizuri. Halafu kuna zile zimewekewa Android ya bure isiyo na kibali, ukiwasha inafanana na simu kubwa, programu zinajaa ila Netflix inagoma au inatoa picha ya chini. Dukani washa hotspoti yako mwenyewe, fungua YouTube, fungua Netflix hata kama huna akaunti, angalia inachukua muda gani. Ikisuasua ikiwa mpya, baada ya mwaka itakuwa inakuomba uvumilivu kila ukibonyeza.

Ukipata TV isiyo smati ya kampuni nzuri kwa bei ya kutupwa, ichukue, utaongeza kile kijiti cha kuchomeka kwenye HDMI baadaye, na kikizeeka unabadilisha kijiti bila kugusa TV.

Hatua ya dukani

Nenda asubuhi siku ya kazi, sio Jumamosi mchana wala wiki ya Krismasi. Kama huyajui maduka, winga atakupeleka, hana ubaya, ila faida yake iko ndani ya bei utakayotajiwa. Uliza maduka matatu kabla ya kutoa hela.

Nenda na flashi. Weka video ya mpira, video yenye giza kama senema ya usiku, na picha tano za rangi moja moja: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani, bluu. Kwenye hizo picha unatafuta nukta iliyokufa, yaani kidoti ambacho hakibadiliki rangi, na kwenye nyeusi unatafuta mwanga unaovuja kwenye kona. Ile video ya maua na vyura wanaoiweka wenyewe usiiangalie kabisa, ile ingependeza hata kwenye TV ya karatasi. Waambie waitoe kwenye mode ya dukani, waweke ya kawaida.

Pima skrini. Usione aibu, futikamba unayo mfukoni. Kona kwa kona, kioo peke yake bila fremu, 32 ni sentimita 81, 43 ni 109, 50 ni 127, 55 ni karibu 140. Pungufu ya sentimita moja sio kesi, pungufu ya saba hiyo umeuziwa inchi za kwenye katoni.

Linganisha namba ya siri ya katoni na ile ya mgongoni mwa TV, zifanane. Waranti igongwe muhuri, iandikwe tarehe, na uliza kituo cha matengenezo kiko wapi, kama jibu ni "lete hapa hapa" ujue waranti yenyewe ni huyo jamaa na simu yake. Dai risiti ya EFD, bila hiyo siku ya kurudisha unaongea na ukuta. Na ile TV uliyoijaribu ndo uifunge kwenye katoni uondoke nayo, usikubali "tunakutolea mpya stoo" isipowashwa mbele yako.

Kubeba, isimame wima, usiilaze. 43 kwenye bajaji inawezekana wewe ukiwa umeishikilia, 55 tafuta kirikuu. Bodaboda hapana jamani.

Umeme, mijusi na radi

TV ya 43 inakula kama wati 80, masaa matano kwa siku ni uniti 12 kwa mwezi. Ya 55 ikiwa wati 130 ni kama uniti 20. Inaonekana ndogo, ila kama LUKU yako iko kwenye ile tarifu ya matumizi madogo yenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi na una friji na pasi, hizo uniti 8 za tofauti zinaweza kukuvusha. Wati halisi angalia stika ya nyuma.

TV gadi nunua siku hiyo hiyo. Kinachoua TV sio umeme kukatika, ni unavyorudi. Chagua ile inayosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme upite. Wale wa Bukoba, Mwanza na Ziwa kwa ujumla, mvua ikianza kunguruma chomoa na waya wa antena au dishi, radi inapitia huko pia na gadi haina habari.

Mijusi na mende wanapenda joto la nyuma ya TV, wakiingia kwenye saketi wanaiunguza na wao wanafia humo. Usizibe matundu ya hewa kwa kitambaa, joto litaunguza vingine, safisha nyuma mara kwa mara na usiache makombo kwenye kabati. Pwani karibu na bahari ile hewa ya chumvi inakula chuma, TV iwashwe mara kwa mara, ikikaa miezi imezimwa inaoza kimya kimya.

Ukishaifunga

Ingia kwenye seti za picha. Toa ile mode ya rangi kali, weka ya kawaida au ya senema, punguza ukali wa kingo karibu na sifuri maana ndo unaofanya picha ya king'amuzi ionekane ina mchanga. Halafu shusha mwanga wa taa za nyuma mpaka asilimia 60 au 70, sebule ndogo haihitaji zaidi usiku. Hizo taa ndo zinazokufa mapema kwenye TV za bei ya chini, unasikia sauti picha hakuna, na zinakufa haraka kwa sababu zimetoka kiwandani zikiwa zimefunguliwa mwisho. Ikikutokea usikimbilie kununua nyingine, fundi anabadilisha ule ukanda wa taa na TV inarudi.

Katoni na maboya yake yale meupe weka juu ya kabati la nguo mpaka waranti iishe, na kama nyumba ni ya kupanga iache hapo hapo hata baada ya waranti.